Mtaa Usiokuwemo Pichani

Kwanza ilikuja sauti: goroli ikigonga ndani ya kopo la bati, kakaka, kakaka, kama mtu anayetikisa chupa ya dawa. Kikafuata kimya kifupi, kisha mfoko mrefu wa hewa, kama tairi linalotolewa upepo. Binti Tulia alikuwa bado chini ya shuka, macho kayafumba, na hakuhitaji kuyafumbua ili ajue. Wiki nzima sauti ile ilikuwa ikishuka mtaani nyumba kwa nyumba, na asubuhi hii ilikuwa imefika ukutani kwake, shubiri mbili tu kutoka kilipolala kichwa chake.

Alitoka na kandambili mguu mmoja. Bwana mmoja mwenye koti la rangi ya chungwa alikuwa anamalizia mstari wa pili wa alama ya X, nyekundu, ndefu kuliko mlango.

"Shikamoo, dada," alisema yule bwana, mkono haujasimama.

"Marahaba," Binti Tulia akaitikia, na papo hapo akajuta. Ulimi una adabu zake. Ulikwisha kujibu kabla kichwa hakijaamka. Alitafuta neno jingine, zito zaidi, la kumrushia mgongoni, lakini bwana yule alikwisha hamia kwa kinyozi, kopo likiimba.

Barabara ilikuwa inapanuliwa. Tangazo la halmashauri lilikuwa fupi kama tusi. Aliyekuwa akiishi mtaani kabla ramani ya barabara haijachorwa, miaka thelathini na minne iliyopita, ni mkaazi, naye atapewa kiwanja kingine. Aliyekuja baadaye ni mvamizi, naye atapewa siku saba. Kila nyumba ijithibitishe yenyewe. Mwisho wa kupokea vielelezo: leo, saa tisa alasiri.

Ungedhani halmashauri yenyewe ingejua nani aliishi wapi. Lilikuwepo daftari la mtaa, kubwa, lenye jalada la kitambaa, na kila mwenye nyumba aliandikwa humo. Ila halmashauri ilipohamia jengo jipya, madaftari yalipotea njiani. Viti vilifika vyote.

Basi watu wakakimbilia picha. Na kwa picha, mtaa ule ulikuwa tajiri. Baba yake Binti Tulia alikuwa na studio miaka ishirini na minane, katika chumba kilekile ambacho sasa binti alikuwa anatolea kopi na kupigia picha za pasipoti. Mzee hakubonyeza kamera kabla ya kusema "tulia", akangoja mpaka hata nzi atulie. Jina likamganda, Mzee Tulia, na alipofariki likamwangukia binti, ingawa utulivu hakumwachia hata kidogo. Binti Tulia alikuwa mwepesi wa hasira, mwepesi wa kucheka, na hakuna foleni aliyowahi kusimama bila kugombana na mtu.

Tatizo lilikuwa pazia. Mzee alikuwa na pazia moja la turubai lililochorwa maporomoko ya maji, miti ya kijani kikali isiyoota popote, na nyuma yake mlima wenye theluji. Kila mtu alitaka maporomoko. Bibi harusi, fundi baiskeli na baiskeli yake mpya, mapacha waliolazimishwa kushikana mikono, wote walisimama mbele ya maji yale yasiyomwagika. Nani angejipamba, avae viatu vya kuazima, halafu apigwe picha na mtaro wa maji machafu na mabati ya jirani? Hayo waliyaona kila siku, bure. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa na picha, na hakukuwa na picha yenye mtaa.

Ila sita. Mzee Tulia hakupenda kusafisha mkanda wa filamu ambao haujaisha. Ikibaki nafasi moja na mteja hayupo, alitoka mlangoni akapiga chochote kilichokuwa mbele yake, ili tu mkanda uishe: mvua, mama anayeanika nguo, gari bovu. Picha hizo za mwisho ni nadra alizitoa kwenye karatasi. Zilibaki humohumo ndani ya mikanda, kwenye makopo ya biskuti. Yalikuwepo makopo kumi na tisa, mengine yalikwisha ingia maji ya mvua. Binti Tulia alikuwa amefungua matatu, akainua mikanda kwenye mwanga wa dirisha mmoja baada ya mwingine mpaka shingo ikakakamaa, akapata picha sita zinazoonyesha nyumba wazi. Alizipeleka mjini kwa wenye mashine, wakamsafishia.

Saa nne aliondoka mtaani na bahasha ya kaki kifuani. Ndani yake zilikuwemo zile sita, na picha arobaini na tatu za studio ambazo majirani walimkabidhi, kila moja na fomu yake. Wenyewe walimfuata nyuma, kundi zima, kwa miguu. Kinyozi alitembea mbele akiwachekesha watu, kwamba wakipewa viwanja ataomba kilicho karibu na maporomoko. Mama Dobi alikuja mwisho kabisa, polepole. Mumewe, dobi aliyefua mashuka ya hospitali miaka mingi, alikuwa amekufa siku nyingi, na picha aliyoitoa ndiyo pekee waliyowahi kupiga pamoja. Aliivua kwenye fremu jana jioni kwa kisu cha mezani, akaiweka mkononi mwa Binti Tulia.

Getini mgambo aliwazuia. Mtaa mmoja, mwakilishi mmoja. Wengine wangoje nje, na wasikae kwenye majani.

Foleni ilikula muda wa saa tatu. Dirisha la vielelezo lilikuwa na kioo cha ukungu, na chini yake tundu la kupitishia karatasi, jembamba, kwa hiyo karani ulimwona mikono tu, na mdomo akiinama. Ilikuwa mikono safi, yenye pete moja ya fedha.

Mikono ilizichambua picha za studio kama karata.

"Hapa ni wapi?" mdomo ukauliza.

"Studio. Mtaani kwetu."

"Dada, mimi naona maporomoko. Mtaa wenu una maporomoko?"

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Binti Tulia alihisi masikio yanawaka. Alieleza habari ya pazia, kwamba lilichorwa, kwamba kila studio ilikuwa nalo.

"Basi umesema mwenyewe. Imechorwa."

"Pazia limechorwa. Watu hawakuchorwa."

Karani hakuwa na haja na watu. Fomu ilidai mahali. Binti Tulia akazisukuma zile sita, akasema mahali ndipo hapo, nyumba hizo, ahesabu milango akitaka. Mikono ikazigeuza, ikazipeleka puani.

"Karatasi mpya hii. Inanuka dawa."

Alimpa na mkanda wenyewe, akamweleza kwamba filamu ni ya miaka ile, karatasi ndiyo ya wiki iliyopita. Karani aliuinua mkanda, akaangalia, akasema anaona mizimu yenye nywele nyeupe, na ofisi haina chombo cha kusomea mizimu. Kielelezo kinatakiwa kiwe cha wakati uleule. Mtaa wa zamani kwenye karatasi mpya, alisema, ni mtaa mpya. Kisha akamwomba asogee, wengine wanangoja.

Binti Tulia alisogea kwa sababu angebaki pale angelivunja lile dirisha. Aligeuka atafute pa kukaa, na ndipo alipoiona.

Ilikuwa ukutani, juu ya viti vya wageni, kubwa, ndani ya fremu nyeusi yenye kioo. Chini yake kibao cha shaba: MJI WETU ZAMANI. Lori bovu lisilo na gurudumu la mbele, limeegemezwa mawe. Nyuma ya lori, kamba ya nguo yenye mashuka meupe saba, na nyuma ya mashuka, nyumba tano mfululizo, ya mwisho ikiwa na ngazi mbili ambazo yeye mwenyewe alijifunzia kutembea. Bahasha ilikuwa imebaki kwa karani, ila mkanda alikuwa amerudishiwa, akaunyanyua kwenye mwanga. Lori lilelile. Mashuka yaleyale saba, humu rangi zimegeuka, yakiwa meusi.

Alikumbuka. Mwaka mmoja halmashauri iliomba picha za mji kwa ajili ya maonyesho, na baba yake akatoka nyumbani na kitu kipana kimefungwa kwenye magazeti. Alirudi mikono mitupu, anatabasamu.

Afisa mwenye shati jeupe alikuwa anapita na kikombe cha chai. Alipomwona amesimama vile, akasimama naye, akaitazama picha kwa fahari.

"Nzuri, eh? Wageni wote wanaisifu."

Binti Tulia alipanda juu ya kiti, akaishusha ile fremu kutoka kwenye msumari, akaigeuza. Mgambo wa mlangoni alianza kuja, lakini afisa akamnyooshea kiganja, maana na yeye alikuwa amekwisha inama kusoma. Mgongoni, kwa penseli, kwa mwandiko mnyoofu wa Mzee Tulia, ziliandikwa namba za nyumba kutoka kushoto kwenda kulia, na majina ya wenye nyumba, na tarehe. Ilikuwa tarehe ya miaka thelathini na sita iliyopita. Juu ya tarehe, wino umefifia lakini unasomeka, mhuri wa halmashauri: IMEPOKELEWA.

Afisa alijiinua. Akanywa chai. Kisha akaichukua picha mikononi mwake taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto mkasi, akairudisha kwenye msumari.

"Hii ni mali ya halmashauri, dada."

"Ndiyo. Basi halmashauri inajua."

Afisa alimweleza kwa upole, na upole ule ndio uliomkera kuliko dharau ya karani. Kielelezo kinatakiwa kitoke kwa mkaazi. Kikitoka kwa halmashauri, itakuwa halmashauri inajitolea ushahidi yenyewe, na huo si utaratibu. Binti Tulia aliomba aazimwe, aibebe mpaka dirishani, hatua kumi tu, airudishe. Kuazima mali ya ofisi kunahitaji barua. Alisema ataiandika barua hapohapo, kalamu anayo. Barua hujibiwa ndani ya siku kumi na nne. Aliomba wamtolee kopi. Mashine ya ofisi ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Alisema yeye ndiyo kazi yake, mashine anayo, nzima. Mali ya ofisi haitoki getini.

"Sasa kama haisaidii mtu," akauliza, na sauti yake ilikwisha panda hadi foleni nzima ikageuka, "hiyo picha ni ya nini hapo?"

"Hiyo ni pambo," afisa alisema.

Alilisema bila ubaya wowote. Hicho ndicho kilichomuuma Binti Tulia: kwamba mtu yule hakuwa anadanganya. Nyumba tano, majina matano, vizazi vya watu waliozaliwa na kuzikwa, vyote vilikuwa pambo kweli, vinalingana na rangi ya viti.

Saa nane na dakika arobaini alikuwa tena mbele ya kioo cha ukungu. Karani alimsukumia bahasha yake, imenenepa kama alivyoileta.

"Hazijapokelewa. Nenda nazo."

"Zimekataliwa?"

"Hazijapokelewa. Ni vitu viwili tofauti."

Hapo Binti Tulia akatulia. Alitulia kwa namna ambayo baba yake angeifurahia. Kwa mwezi mzima alikuwa ametoa kopi za fomu ile, zaidi ya mia mbili, kwa mtaa wake na mitaa ya jirani. Watu wote walisoma upande wa mbele, wenye nafasi za kujaza. Yeye, akingoja mashine ipate moto, hakuwa na kitu kingine cha kusoma ila mgongo wa fomu, wenye maandishi madogo kama sisimizi. Aliujua kama wimbo.

"Kifungu cha sita," alisema, akipaza sauti ili afisa, aliyekuwa bado anamalizia chai, asikie. "Kielelezo kitakachokataliwa kitagongwa mhuri na kurudishwa kwa mhusika siku hiyohiyo. Kifungu cha saba. Mwenye kielelezo kilichogongwa mhuri anaweza kukata rufaa, na nyumba yake haitaguswa mpaka rufaa isikilizwe, baada ya siku thelathini. Sasa nigongee. Zote."

Mama mmoja nyuma, aliyekuwa amekwisha rudishiwa karatasi zake kwa mdomo tu, akaanza kuipekua fomu yake upande wa pili. Wengine wakafuata, ilisikika karatasi zikigeuzwa ukumbi mzima.

Afisa alitazama saa, akatazama foleni. Alimwambia karani agonge, wamalizane.

Karani alivuta bahasha kwa nguvu. Kilichofuata Binti Tulia alikisikia tu, maana kioo kilimnyima macho: pu kwenye sponji ya wino, pu kwenye karatasi. Pu, pu. Alizihesabu kwa sikio. Kila pigo lilikuwa nyumba moja isiyobomolewa siku saba zikiisha. Ishirini. Thelathini. Kifua chake kilijaa furaha mbaya, ya mtu aliyemshika mwizi kwa shati, na akafikiria kwamba laiti mzee angekuwa hai angesikia muziki huu. Arobaini na tisa. Rundo likapita tunduni, lowevu bado, picha ya juu ikimtazama.

Ilikuwa ya mapacha wale wanaoshikana mikono. IMEKATALIWA, kwa zambarau, kutoka paji la mmoja hadi kidevu cha mwenzake.

Aliinua ya pili. Ya tatu. Zote, mbele, usoni.

"Umegonga usoni," alisema. "Mgongoni kuna nafasi. Mbona umegonga usoni?"

"Kifungu hakisemi upande," karani akajibu, na pete yake ikagonga kioo alipokuwa anafunga tundu. Saa tisa.

Nje, chini ya jua, watu walimzunguka. Aliwaambia yote mawili kwa pumzi moja, lililo zuri na lililo baya: kwamba rufaa ipo, na namna ilivyopatikana. Walipokea picha zao mmoja mmoja. Kinyozi aliishika yake, yeye wa zamani, kijana mwembamba mwenye nywele kama mwavuli, neno limemkalia kwenye nywele.

"Wasichana wengi waliniambia hivihivi," alisema. "Ila hawakuwa na mhuri."

Wakacheka, hata waliokuwa na machozi, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba wameshinda. Mwenye picha ya mapacha alimpiga Binti Tulia bega, akamwambia siku thelathini si haba, tutapumua. Walianza kuondoka makundi makundi, wakipeana habari ya kifungu cha sita kama watu waliogundua mlango ndani ya nyumba yao wenyewe.

Alibaki Mama Dobi. Binti Tulia alikuwa ameiacha picha yake iwe ya mwisho, na sasa hakuwa na nyingine ya kutoa kwanza.

Mama Dobi aliipokea kwa mikono miwili. Upande wa kulia alikuwa yeye, msichana, anaitazama kamera kwa woga. Kushoto alipaswa kuwepo mumewe. Ilibaki kola ya shati, iliyopigwa pasi ikasimama, na sikio moja. Kati ya kola na maporomoko, pale penye uso, ilikuwa doa la zambarau, wino umezidi, herufi zimeingiliana.

Hakulia. Alikunja ncha ya mtandio wake, akailowesha kwa ulimi, akaanza kufuta, polepole, kuanzia pembeni, kama alivyokuwa akitoa madoa kwenye mashuka siku zile.

"Usifute, mama," Binti Tulia alisema.

"Ni uso wake."

"Najua. Lakini ukifuta huna rufaa. Huo ndio mhuri wenyewe."

Ncha ya mtandio ilisimama juu ya karatasi. Ilikuwa imepata zambarau kidogo. Mama Dobi aliinua macho, na hayakuwa na hasira, ingekuwa nafuu yangekuwa nayo.

"Kwa hiyo nimtunze hivi? Kila nikimtazama niambiwe amekataliwa?"

Binti Tulia alilitazama lile doa. Ni yeye aliyedai mhuri. Ni yeye aliyesema zote, kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Alitaka kusema kwamba ni karani, kwamba ni afisa, kwamba ni viti vilivyofika na daftari lisilofika, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililorudisha uso pale. Mgambo aliwafokea wasogee, anafunga geti. Wakasogea hatua tatu, wakasimama tena.

Aliushika mkono ule wenye mtandio, akauondoa taratibu kwenye picha.

"Mama, baba hakutupa filamu hata moja. Yamebaki makopo kumi na sita sijayagusa, na mengine yameoza, sikufichi. Nitayafungua yote, mkanda kwa mkanda. Nikimpata mume wako nitamsafisha upya, nikuletee mimi mwenyewe mkononi. Na nikimkosa, nitakuja mlangoni kwako nikuambie nimemkosa. Sitakukwepa."